Wallace Carothers: baba wa nailoni aliyekufa akifikiri hakufaulu

Mvuvi anayetupa wavu kwenye Ziwa Kivu ao Ziwa Tanganyika, fundi viatu anayeshona kwa uzi wa nailoni, mtoto anayepiga mswaki asubuhi: wote wanatumia matunda ya kazi ya mtu mmoja, Mmarekani Wallace Carothers. Siku hizi jina lake linarudi tena, juu ya mashine za kuchapa vitu, zile watu wanaita 3D. Mashine hizo hazichapi karatasi. Zinajenga kitu chenyewe, tabaka juu ya tabaka, sawa vile fundi mwashi anapandisha ukuta. Na plastiki nyingi zinazotiwa ndani yake ni za jamaa ambazo Carothers alizichunguza miaka ya 1930.

Yeye mwenyewe hakuona hata moja ya mashine hizo. Hakuona hata soksi moja ya nailoni ikiuzwa dukani.

Mtoto wa mwalimu

Wallace Hume Carothers alizaliwa tarehe 27 Aprili 1896 katika mji mdogo wa Burlington, jimbo la Iowa. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya biashara, na kijana alianza kwa kusoma mambo ya hesabu za biashara palepale baba alipofundisha. Kiisha akaenda kwenye chuo kidogo cha Tarkio, jimbo la Missouri. Hakukuwa na pesa nyingi nyumbani, basi alisoma huku akifanya kazi palepale chuoni.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, mwalimu wake wa kemia aliondoka. Wakubwa wa chuo walitafuta mtu wa kushika nafasi hiyo, wakaona bora wamupe mwanafunzi wao Carothers. Akafundisha wenzake mbele hajapata diploma. Mwaka wa 1924 alipata udaktari kwenye universite ya Illinois, na mwaka wa 1926 akaitwa kufundisha Harvard, moja ya universite kubwa za Marekani.

Lakini kufundisha mbele ya watu wengi hakumpendeza. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayependa vitabu, muziki na labo yake. Tena, tangu ujana alikuwa na ugonjwa ambao wakati huo haukueleweka vizuri: huzuni nzito iliyokuwa inamshika kwa vipindi, inamwachia, kiisha inarudi.

Mabishano juu ya mnyororo

Mwaka wa 1927 kampuni ya DuPont, ya mji wa Wilmington, ilimuomba aje kuongoza utafiti wa kemia. Kwanza alikataa. Aliwaambia wazi kwamba ana vipindi vya ugonjwa wa akili na kwamba pengine itakuwa vibaya zaidi kule kuliko chuoni. Kampuni ikasisitiza, na mwanzo wa 1928 akaingia kazini.

Wakati ule wataalamu walikuwa wanabishana: mpira, hariri na pamba vimetengenezwa na nini? Mjerumani Hermann Staudinger alisema ni molekuli ndefu sana, sawa na mnyororo wenye pete maelfu. Wengi walimpinga, wakisema ni vipande vidogo tu vilivyoshikamana. Carothers alichagua njia rahisi kueleza lakini ngumu kufanya: kujenga mnyororo yeye mwenyewe, pete kwa pete, kwa vitu anavyovijua vizuri, ili asibaki mtu wa kubisha.

Shida ilikuwa maji. Kila pete mbili zikiungana, tone dogo la maji linatoka, na maji hayo yakibaki yanavunja tena mnyororo. Yeye na wenzake walitumia chombo cha pekee cha kuyatoa. Mwezi wa Aprili 1930 mwenzake Julian Hill alipata mnyororo mrefu kuliko yote iliyotangulia. Alipochovya kijiti na kukivuta, ukatoka uzi. Ukivutwa tena ukiwa baridi, uzi unakuwa wenye kungaa na wenye nguvu. Mwezi uleule, katika labo ileile, Arnold Collins alipata mpira wa kutengenezwa ambao mafuta hayauharibu. Unaitwa neoprini, na mpaka leo uko kwenye mipira ya mashine na ya magari.

Uzi unaoyeyuka

Furaha ya ule uzi wa kwanza haikudumu. Ukiutia katika maji ya moto, unalainika. Nani atanunua nguo ambayo haiwezi kufuliwa na kupigwa pasi? Mwaka wa 1932 Carothers na wenzake wawili waliandika pia juu ya plastiki nyingine ya jamaa hiyo, inayotokana na asidi ileile inayofanya maziwa kuchacha. Wakati huo nayo haikuonekana kuwa na faida. Ikawekwa pembeni.

Mkubwa mpya wa labo, Elmer Bolton, alitaka kitu cha kuuza. Carothers akarudi kwenye nyuzi mwaka wa 1934, lakini kwa viungo vingine vinavyoshikana kwa nguvu zaidi. Tarehe 28 Februari 1935, mwenzake Gerard Berchet alitengeneza plastiki ya viungo viwili, kila kimoja kikiwa na kaboni 6. Hiyo haikuyeyuka kwenye maji ya moto. Ndiyo nailoni.

Mwaka uliofuata Carothers alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Sayansi ya Marekani, mwanakemia wa kaboni wa kwanza kutoka kiwanda kupewa heshima hiyo. Mwaka uleule alimuoa Helen Sweetman.

Wenzake waliona mtu aliyefika juu. Yeye aliona kinyume: alikuwa anaamini kwamba akili yake imekauka na hatapata tena wazo jipya. Alilazwa hospitali, akatoka, lakini nguvu za kazi hazikurudi. Mwezi wa Januari 1937 dada yake mpendwa, Isobel, aliyekuwa mchekeshaji maarufu wa redio, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Pigo hilo Wallace hakulishinda. Tarehe 9 Aprili ombi la hati ya uvumbuzi wa nailoni liliwekwa kwa jina lake. Siku 20 nyuma ya pale, tarehe 29 Aprili 1937, alijitoa uhai katika mji wa Philadelphia. Alikuwa ametimiza miaka 41 siku mbili mbele. Mke wake alikuwa na mimba, na mtoto wao wa kike alizaliwa mwezi wa Novemba.

Nailoni ilitangazwa kwa watu mwaka wa 1938, na miswaki ikatangulia sokoni. Soksi za wanawake zilifuata mwezi wa Mei 1940, watu wakizigombania. Kiisha vita ikaipeleka kwenye parashuti na kamba.

Kilichowekwa pembeni

Ile plastiki ya asidi ya maziwa leo inaitwa PLA. Inatengenezwa kwa sukari ya mahindi ao ya miwa, na ndiyo inayotumiwa sana kwenye mashine ndogo za 3D. Ule udhaifu wa zamani umekuwa faida: inayeyuka bila shida, mashine inaichora kwenye joto la kama digri 200, kiisha inagandamana haraka. Lakini bado haipendi joto. Kitu cha PLA kikiachwa ndani ya gari juani kinaweza kupinda, sababu kwenye digri 60 hivi kinaanza kulainika. Na ingawa inatoka shambani, ikitupwa tu chini haiozi upesi.

Nailoni nayo imeingia, kwa namna ya uzi ao ya unga ambao mwali wa leza unauunganisha tabaka kwa tabaka. Inatoa meno ya mashine, bawaba, na sehemu za miguu ya bandia. Aina moja, nailoni 11, inatengenezwa kwa mafuta ya mbarika. Nyingine zinachanganywa na nyuzi za kaboni ili zikaze zaidi. Lakini nailoni inakunywa unyevu wa hewa, na ikiingia kwenye mashine bila kukaushwa inatoa kitu chenye mapovu. Maji yaleyale yaliyomsumbua Carothers yangali yanawasumbua mafundi wa leo.

Carothers alihesabu kazi yake kuwa bure. Hesabu hiyo ilikuwa ya ugonjwa, si ya kweli. Kila anayeona jirani ao ndugu ameshikwa na huzuni isiyomwachia, hata kama kazi yake inaenda vizuri, asiseme ni uvivu ao kujidekeza. Ni ugonjwa, unahitaji mganga na watu wa karibu.