Karinska, fundi aliyeondoa waya kwenye sketi

Mafundi cherehani wengi huamini kuwa njia ya kupata wateja ni kushusha bei. Maisha ya Barbara Karinska, mshonaji wa mavazi ya jukwaani na ya sinema, yanaonyesha njia nyingine.

Karinska alizaliwa mwaka 1886 Kharkiv, Ukraine, wakati huo ikiwa chini ya Urusi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo za pamba, naye alijifunza kudarizi tangu utotoni. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 alianzisha shule ya kudarizi mjini Moscow, lakini serikali ikaitaifisha. Mwaka 1924 aliihama nchi yake na kuishia Paris, Ufaransa, akikaribia miaka 40. Mtaji aliobaki nao ni ufundi wa mikono.

Huko alipata kazi ya kuwashonea wachezaji wa baleti, ile dansi ya jukwaani inayochezwa kwa ncha za vidole vya miguu. Wachoraji walimletea picha, yeye akazigeuza kuwa vazi. Baadaye alihamia London, kisha New York, Marekani.

Enzi hizo sketi fupi za baleti zilisimamishwa kwa pete ya waya. Wachezaji wakijaa jukwaani, pete ziligongana na sketi zikabinuka. Mwaka 1950 Karinska aliiondoa pete hiyo, akashona matabaka mafupi ya kitambaa cha wavu yanayoshikiliana yenyewe. Sehemu ya kifuani aliikata kwa mshazari ili ivutike, mchezaji aweze kupumua. Mtindo huo ukaenea duniani.

Bei yake haikuwa ndogo. Alitumia vitambaa bora na kudarizi hata mahali ambapo mtazamaji asingeona. Lakini mavazi yake yalidumu, na wateja walirudi. Filamu ya Joan of Arc ya mwaka 1948 iliwapatia yeye na Dorothy Jeakins tuzo ya Oscar. Mwaka 1964, kwa fedha za Ford Foundation, karakana yake ilianza kulishonea kundi la New York City Ballet pekee. Alifariki mwaka 1983 akiwa na miaka 97.

Fundisho kwa mjasiriamali ni hili: bei ya chini jirani yako ataishusha zaidi kesho. Kabla hujaipunguza, muulize mteja nguo yake ya mwisho ilimbana wapi.