John Akii-Bua: Askari polisi wa Uganda aliyejenga kiwiliwili chake kwa kizibao cha kilo 11

Alfajiri, kabla ya magari na bodaboda kuijaza barabara ya Ggaba mjini Kampala, wakimbiaji huonekana wakipanda na kushuka vilima vya Kabalagala, Kansanga na Bunga, hadi barabara inapokomea kwenye mwalo wa Ziwa Victoria, ambako mitumbwi ya wavuvi hutia nanga. Wengi wao hutafuta jambo lilelile: tumbo lililokaza, mgongo usiouma na kiuno chenye nguvu. Kinachowatatiza ni zoezi la kuchagua.

Upande wa pili wa barabara hiyohiyo, inapoanzia Nsambya, ipo kambi ya polisi. Ni katika jeshi hilo la polisi alimotoka kijana aliyelijibu swali lao zaidi ya miaka 50 iliyopita, bila ukumbi wa mazoezi wala mashine za kisasa.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa, na watoto katika boma hilo walizidi 40. Baba alipofariki, kijana huyo hakuendelea na shule. Alichunga ng'ombe, akafanya kazi ndogondogo, kisha akaelekea Kampala kujiunga na polisi.

Huko alikutana na Jorem Ochana, afisa wa polisi na bingwa wa Afrika wa kuruka viunzi. Ochana hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Aliweka ufito juu ya kiunzi ili mwanafunzi wake alazimike kupita katikati, kichwa chini na kifua kikielekea pajani. Aliyenyanyua kichwa aligonga ufito, na Akii-Bua alibaki na kovu kwenye paji la uso.

Zoezi hilo lilionekana kuwa la miguu, lakini kazi kubwa ilifanywa na kiwiliwili. Ili mtu ajikunje hewani na kujikunjua papo hapo bila kuyumba, misuli ya tumbo, ya ubavuni, ya mgongo wa chini na ya makalio hulazimika kushikana kama kamba za jahazi. Hapa ndipo wengi hukosea hadi leo: hulala chali na kuinuka mara mia, wakidhani tumbo peke yake ndilo nguzo ya mwili. Tumbo likikazwa na mgongo ukasahauliwa, nguzo hiyo husimama upande.

Mwaka 1968, Muingereza Malcolm Arnold aliwasili Uganda kuwa mkufunzi wa riadha wa taifa. Wakati huo Akii-Bua alikuwa akipendelea viunzi vya mita 110. Arnold alimhamishia mita 400, mbio zenye viunzi kumi, ambazo wanariadha huziogopa kuliko nyingi nyingine.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh, Akii-Bua alishika nafasi ya nne, huku akisumbuliwa na mgongo na ngiri. Kwa kijana wa miaka 20 aliyekuwa mgeni katika mbio hizo, matokeo hayo hayakuwa haba. Hata hivyo, yalionyesha mahali mwili ulipopungukiwa.

Anayekimbia mita 400 za viunzi huanza kulegea baada ya kiunzi cha saba au cha nane. Kiwiliwili kikichoka, kifua huinuka, nyonga hushuka, na mguu hutua kwa kishindo unaoua mwendo. Kwa hiyo mazoezi yaliyochaguliwa yalilenga dakika hiyo ya uchovu. Akii-Bua alipanda vilima mbio. Alivaa kizibao chenye uzito wa karibu kilo 11, akakimbia mita 1,500, umbali unaokaribia mara nne ya mbio zake, akiruka viunzi vya sentimita 106 ilhali vya mashindano yake vilikuwa vya sentimita 91. Alijizoeza pia kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, jambo linaloutaka mwili uwe na nguvu sawa pande zote mbili.

Si mazoezi ya kuigwa na kila mtu. Anayeanza leo pale Ggaba hana haja ya kizibao. Kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu huku mgongo umenyooka, au kulala chali na kuinua nyonga, kunamtosha kwa wiki nyingi. Kinachofaa kuchukuliwa kwa Akii-Bua ni namna ya kuchagua: alitazama kwanza mwili wake unashindwa wapi, ndipo akatafuta zoezi.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambako kona ni kali na mwili huvutwa nje kila hatua. Bingwa mtetezi, David Hemery wa Uingereza, alitoka kwa kasi kubwa. Hadi kona ya mwisho Muingereza huyo alikuwa bado anatisha. Kisha viunzi vya mwisho vikafika, vile ambavyo wengine huvifikia wamelegea, na Mganda akavipita akiwa wima. Saa ilisimama kwenye sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili na Hemery wa tatu. Akii-Bua, kana kwamba hajachoka, aliendelea kukimbia kuzunguka uwanja akiwapungia watu mkono.

Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Idi Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara moja ya Nakasero ikapewa jina lake. Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila la Milton Obote aliyepinduliwa, na Walango wengi waliuawa katika miaka hiyo. Safari zake za nje zikabanwa. Mwaka 1976 alikuwa tayari kwa Montreal, lakini Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo. Siku ya fainali, Edwin Moses wa Marekani aliivunja rekodi yake kwa sekunde 47.64.

Mwaka 1979, utawala wa Amin ukiporomoka, alikimbilia Kenya na familia yake, akajikuta katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kutoka na kumpa kazi Ujerumani Magharibi. Huko Moscow mwaka 1980 alikimbia tena kwa ajili ya Uganda, akaishia nusu fainali. Baadaye alirudi nyumbani, katika jeshi lake la polisi, kufundisha vijana.

Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akaacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa. Dhahabu ya pili ya Olimpiki ya Uganda ilipatikana London mwaka 2012, miaka 40 baada ya Munich, kupitia mkimbiaji wa marathoni Stephen Kiprotich.