Padre Cecil Majaliwa, Mwalimu wa Chitangali

Mwenye kuhesabu mavuno asimsahau aliyefyeka msitu. Kwa hiyo katika kitabu hiki cha jubilei imetupasa kumtaja Padre Cecil Majaliwa, aliyefariki zamani, wala hapana mtu aliye hai leo aliyeketi mbele yake kusoma. Kituo chake kilikuwa Chitangali, upande wa Newala, si kwetu Naipingo. Lakini kila mwalimu aliyefundisha watoto wa Wamwera katika Nachingwea na Ruangwa, akiwa peke yake kijijini pamoja na ubao wake na kengele yake, aliipita njia ambayo Majaliwa alimtangulia.

Kwa kabila alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alitiwa utumwani, kama wengi waliopitishwa katika nchi hizi kupelekwa pwani. Akapata uhuru, akalelewa Unguja na Misheni ya Vyuo Vikuu, akasoma na kufunzwa kazi ya ualimu. Kutoka kwao hakutoka kwa kupenda. Lakini kurudi katika nchi ya Wayao alirudi kwa hiari yake, naye hakuja kulipiza kisasi, alikuja kufundisha.

Siku zile nchi haikuwa na amani. Askofu Edward Steere alikuwa amelianza kao la Masasi mwaka 1876, pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakaliangukia, wakaua watu na kuchukua mateka, na kazi ikahamia Newala. Watu wa vijiji walilala wakiwa na hofu, na wengi waliona kuwa dini ya wageni haina nguvu ya kumlinda mtu.

Ndipo mwaka 1886 Askofu Charles Alan Smythies alimpa Majaliwa ushemasi, akamweka Chitangali, kwa Nakaam, mkubwa wa Wayao wa pale. Hakuwekwa chini ya Mzungu akae naye kila siku na kumwongoza. Akiugua, au njaa ikiingia, au neno la vita likisikika, shauri lilikuwa lake.

Lakini alikuwa na kitu ambacho wageni walikitafuta kwa miaka mingi, nacho ni lugha. Aliwajua Wayao kwa kuwa alikuwa mmoja wao. Alifahamu namna ya kumwamkia mzee, namna ya kungoja zamu yake barazani, na neno gani lisisemwe mbele ya wakwe. Kitabu cha shule kilikuwa cha Kiswahili, nalo Agano Jipya alilolifasiri Askofu Steere lilikwisha kupigwa chapa. Lakini maana ya maneno iliwaingia watu kwa Kiyao. Basi kazi ikakua. Nakaam mwenyewe akabatizwa, akaitwa Barnaba, na vijana wakapelekwa Kiungani kuendelea na masomo. Yafaa tufikiri jambo hili: mzazi ambaye aliwaona watoto wakichukuliwa pwani wasirudi, sasa alimtoa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe aende pwani ile ile, kwa sababu alimwamini mwalimu. Hapana mtihani wa ualimu uupitao huo.

Mwaka 1890 akapewa upadre huko Unguja, akawa Mwafrika wa kwanza katika Misheni yetu kupata daraja hiyo. Kanisa Kuu la Unguja limejengwa mahali pa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Hata miaka ishirini haijapita tangu soko lile kufungwa, na mtoto aliyekuwa mtumwa alikwisha kuwa padre.

Akaitumikia Chitangali hata mwaka 1897, jumla miaka 11, kisha akarudi Unguja. Tangu hapo jina lake, lililokuwa kubwa huku bara, halikusikika sana. Wala tusifiche kwamba mfano wake haukufuatwa upesi. Jimbo la Masasi lilipotengwa na Unguja mwaka 1926, askofu wake alikuwa Mwingereza, na waliomfuata vivyo hivyo. Mwafrika hakukaa katika kiti cha jimbo hata mwaka 1968, alipowekwa Askofu Hilary Chisonga. Toka upadre wa Majaliwa hata siku hiyo ni miaka 78. Yeye alikwisha kuonyesha kwamba Mwafrika akiaminiwa kazi nzima aweza kuitimiza; waliokawia kusadiki ni wengine.

Basi ninyi walimu wa Naipingo, msivunjike moyo shule ikiwa ndogo na msaada ukiwa mbali. Mwalimu hapimwi kwa nyumba aliyofundishia, wala kwa sifa alizopewa akiwa hai. Hupimwa kwa watu aliowaacha nyuma yake wakijua kusoma, kusali na kuwafundisha wengine. Mwenyezi Mungu ampumzishe mtumishi wake Cecil, na sisi atujalie kuimaliza kazi aliyoianza.