Sheikh Jad al-Haq, mufti aliyewafungulia mlango wasiojaliwa mtoto

KWA Mwislamu asiyejaliwa mtoto huko Sangailu, wadi iliyo katika eneobunge la Ijara, Kaunti ya Garissa, swali la dini hutangulia lile la fedha. Je, mimba iliyotungwa maabara ni halali? Jibu linalofuatwa na wanazuoni wengi wa Kisunni lilitolewa jijini Cairo mnamo Machi 23, 1980, na Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Misri.

Alizaliwa Aprili 5, 1917, katika kijiji cha Batra, mkoani Dakahlia. Alisomea sheria ya Kiislamu Al-Azhar, kisha akawa hakimu katika mahakama za kadhi. Serikali ya Misri ilipozifuta mahakama hizo mwaka 1956, aliendelea na kazi hiyo katika mahakama za kawaida. Kwa miaka mingi alisikiliza kesi za ndoa, talaka na mirathi, ambamo swali la mtoto ni wa nani huamua nani arithi.

Agosti 1978 aliteuliwa Mufti. Mwezi mmoja kabla, Julai 25, Louise Brown alikuwa amezaliwa Uingereza, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya tumbo la mama. Waumini walitaka kujua msimamo wa dini.

Sheikh hakuilaani maabara. Alitoa hukumu kwamba ugumba ni maradhi na kuyatafutia tiba ni jambo jema. Yai la mke likirutubishwa kwa manii ya mumewe, ndoa ikiwa hai na tabibu akiwa mwaminifu, hakuna kosa. Lakini alikataza kabisa manii au yai la mtu wa tatu, kwa kuwa nasaba huchanganyika na tendo hukaribia zinaa. Mtoto wa namna hiyo, kwa hukumu yake, hunasibishwa na mama pekee.

Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, likikutana Amman, lilithibitisha mpaka huo na kukataza hata mke mwenza kumbebea mwenzake mimba. Mwaka uliofuata Misri ilipata mtoto wake wa kwanza wa maabara.

Hata hivyo, kalamu iliyofungua mlango huo ilitetea pia tohara ya wanawake. Akiwa Sheikh wa Al-Azhar, wadhifa aliopewa mwaka 1982, alishikilia msimamo huo hadharani, ilhali Mufti wa wakati huo, Sheikh Tantawi, alitofautiana naye. Mwaka 2007 wanazuoni wa Al-Azhar walitamka kuwa desturi hiyo haina msingi katika sheria ya Kiislamu. Kenya iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Kaskazini Mashariki yaelewa uzito wa jambo hili: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban wanawake 98 kati ya 100 walikuwa wamekeketwa, na maambukizi yatokanayo na ukeketaji yaweza kudhuru uzazi.

Mwaka 1995 alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu. Alifariki Machi 15, 1996.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2006, Kenya nayo ilipata watoto wake wa kwanza wa maabara, jijini Nairobi. Mbunge Millie Odhiambo amewasilisha bungeni miswada ya kudhibiti tiba hiyo, ukiwemo wa mwaka 2022. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya huduma za afya ya uzazi, na inawapa makadhi mamlaka juu ya ndoa na mirathi ya Waislamu. Hivyo, mtoto wa mbegu ya mtu wa tatu aweza kutambuliwa na daktari, kisha nasaba yake ikapingwa mbele ya kadhi. Na kwa mume na mke wa Sangailu waliokubaliwa na fatwa tangu 1980, umbali wa kliniki za Nairobi na gharama ya mamia ya maelfu ya shilingi ni mlango mwingine, ambao hakuna mufti awezaye kuufungua.