Filip Terč: Daktari aliyetumia sumu ya nyuki kutibu baridi yabisi

MNAMO mwaka wa 1888, madaktari wasomaji wa jarida la Wiener Medizinische Presse, lililochapishwa jijini Vienna, walikutana na makala ambayo haikuwa ya kawaida. Mwandishi wake, daktari kutoka mji mdogo wa Marburg ulio kando ya mto Drava, alidai kwamba kuna uhusiano wa ajabu kati ya mwiba wa nyuki na ugonjwa wa baridi yabisi. Alieleza habari za wagonjwa 173 ambao aliwadunga kwa nyuki hai. Miiba yote pamoja ilifika takriban 39,000, yaani wastani wa zaidi ya miiba 220 kwa kila mgonjwa.

Daktari huyo alikuwa Filip Terč. Alizaliwa Machi 30, 1844 katika kijiji cha Prapořiště, eneo la Bohemia, ambalo siku hizo lilikuwa sehemu ya milki ya Austria na leo limo katika Jamhuri ya Cheki. Alisomea udaktari Vienna, kisha akaenda kufanya kazi Marburg. Mji huo sasa huitwa Maribor na ni wa pili kwa ukubwa nchini Slovenia.

Kabla ya kuwa tabibu wa baridi yabisi, Terč alikuwa mgonjwa wake. Maumivu ya viungo yalimwandama tangu ujana, na dawa za siku hizo hazikumfaa kitu. Inasimuliwa kuwa siku moja nyuki walimvamia wakamdunga mara nyingi, na maumivu yaliyokuwa yamemsumbua kwa muda mrefu yakapungua. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kuendelea na shughuli zake. Terč aliamua kuchunguza iwapo jambo lililompata kwa bahati lingeweza kurudiwa kwa makusudi kwa mtu mwingine.

Ni vyema tukumbuke hali ya matibabu wakati huo. Aspirini ilikuwa haijaingia madukani, kwani ilianza kuuzwa mwaka wa 1899. Kotisoni, ambayo iliwainua vitandani watu waliokuwa wamepooza kwa maumivu, ilijaribiwa kwa mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi mwaka wa 1948. Aliyekakamaa magoti na vidole alikuwa na kitanda, maji moto na subira. Si ajabu basi kwamba watu walikubali kuketi mbele ya daktari aliyewawekea nyuki mwilini.

Mbinu yake ilikuwa ya hatua kwa hatua. Alianza na miiba michache, akaiongeza taratibu siku baada ya siku huku akiangalia ngozi ilivyoitikia. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo alilithamini kuliko yote. Kwa maelezo yake, mgonjwa wa baridi yabisi hakuvimba mwanzoni kama avimbavyo mtu mzima wa afya. Miiba ilipozidi, uvimbe ulitokea. Alipoendelea kudungwa, uvimbe ukatoweka tena, na maumivu ya viungo yakaondoka nao. Terč aliamini kuwa mgonjwa aliyefika hatua hiyo ya mwisho amepona, na kwamba mwiba ungeweza hata kumsaidia daktari kutambua ugonjwa wenyewe.

Hoja hiyo ilikuwa na mvuto, lakini ilikuwa na pengo. Kila mfugaji wa nyuki anajua kwamba anayedungwa mara kwa mara huacha kuvimba, awe na baridi yabisi au asiwe nayo. Leo twafahamu kuwa mwili hutengeneza kingamwili zinazoizoea sumu ile. Kutovimba, kwa hivyo, hakuthibitishi kwamba ugonjwa umekwisha. Isitoshe, neno baridi yabisi lilibeba maradhi mengi siku hizo, yakiwemo yale ambayo maumivu yake hupoa yenyewe baada ya majuma machache. Terč hakuwa na kundi la wagonjwa wasiodungwa ambalo angelilinganisha na lake.

Hata hivyo, haifai kumweka katika kapu moja na matapeli. Alihesabu, aliandika na alichapisha ili wenzake wamkosoe. Mnamo 1912 Rudolf Tertsch, mwanawe aliyekuwa pia daktari, alitoa kitabu chenye hesabu ya kazi ya babake. Katika wagonjwa 660, ilielezwa kuwa 544 walipona, 99 walipata nafuu na 17 hawakufaidika. Matokeo mazuri kiasi hicho yangemfanya daktari yeyote wa sasa ashuku, lakini angalau wale 17 hawakufichwa.

Kuna hatari moja ambayo Terč aliikabili bila silaha. Watu wachache wana mzio mkali wa sumu ya nyuki: pumzi hubana, shinikizo la damu huanguka, na wanaweza kufa kwa dakika chache. Hali hiyo, anafilaksia, ilipewa jina mwaka wa 1902 na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier. Adrenalini, dawa inayookoa maisha ya mtu wa namna hiyo, haikuwepo alipochapisha makala yake ya 1888. Kwamba alidunga maelfu kwa maelfu ya miiba katika hali hiyo ni jambo la kutisha ukilitafakari. Mwaka wa 2015, nchini Uhispania, mwanamke wa umri wa miaka 55 alizirai baada ya kudungwa nyuki hai kama tiba, akafariki baadaye. Alikuwa amepokea tiba hiyo kwa miaka miwili bila tatizo.

Mbegu aliyoipanda ilivuka bahari. Bodog Beck, daktari mwenye asili ya Hungary, aliandika kitabu kuhusu tiba hiyo jijini New York mwaka wa 1935, na mfugaji nyuki Charles Mraz wa Vermont akaiendeleza hadi alipofariki mwaka wa 1999. Nao wanasayansi waligundua kuwa takriban nusu ya sumu kavu ya nyuki ni melitini. Katika wanyama wa maabara kemikali hiyo imepunguza uvimbe wa viungo, ingawa ni hiyo hiyo inayopasua chembechembe za mwili na kuleta uchungu wa mwiba. Kwa binadamu, ushahidi uliopo bado ni haba mno kwa madaktari kuipendekeza badala ya dawa za hospitali.

Jambo moja zaidi kwa msomaji anayetazama mizinga yake ya Kitui au Baringo. Nyuki wa asili wa nchi alikofanyia kazi Terč, wajulikanao kama carnica, wanasifika kwa upole. Wetu hawana sifa hiyo, na mtu akimchokoza mmoja huja kundi zima.

Terč alifariki Maribor mnamo Oktoba 28, 1917, Vita Vikuu vya Kwanza vikiendelea. Mwaka uliofuata milki aliyozaliwa na kuhudumu ndani yake ilisambaratika. Wanaoendeleza tiba ya nyuki duniani huiadhimisha kila mwaka siku aliyozaliwa, Machi 30.