Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere: Yanayorekebishika na Yasiyofutika

Kila tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki London mwaka 1999. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, na tarehe 23 Desemba 1943 alibatizwa katika misheni ya Nyegina. Kanisa linafundisha kwamba Ubatizo huitia roho alama isiyofutika. Vyeo alivyovishika baadaye vilikuja na kupita: aliacha ualimu mwaka 1955, uwaziri mkuu mwaka 1962 na urais mwaka 1985. Ukristo wake ulidumu hadi kaburini.

Akiwa kiongozi alibadilisha mengi. Mwaka 1972 serikali yake ilifuta halmashauri za wilaya, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika, tegemeo la wakulima nchini kote. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alikiri hadharani kwamba hatua hizo mbili zilikuwa makosa. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kuufungulia ushirika mlango, na halmashauri nazo zikarudishwa mwaka 1984.

Hata hivyo, si yote yaliyorudi. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 mamilioni ya watu walihamia vijiji vipya, wengine kwa nguvu, na ziko nyumba zilizochomwa moto. Sheria hufutwa kwa sheria nyingine. Lakini mzee aliyeyaacha makaburi ya wazazi wake hawezi kurudishiwa miaka ile.

Nasi waamini wa Kifaru na Upareni kote tuna la kujifunza. Ratiba ya sala ya jumuiya ikitushinda, tutaibadili wiki ijayo. Shamba la ukoo likishauzwa, au jina la jirani likishachafuliwa, toba hutupatia msamaha wa Mungu, ila jeraha hubaki likidai malipizi. Basi mambo ya namna hiyo tuyaamue taratibu, tukisali kwanza na kuwasikiliza watakaoumia.

Mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa Mwenye Heri ulianzishwa na Jimbo la Musoma mwaka 2005, na uamuzi ni wa Kanisa. Sisi tufuate mfano wake wa kukubali kurudi nyuma pale njia ya kurudi ingalipo, tena tuombe neema ya kutambua mapema pale ambapo njia hiyo haipo.