Rekhmire: Waziri aliyefutwa kwenye kuta za kaburi lake

KATIKA vilima vya ng'ambo ya Mto Nile, mkabala na mji wa Luxor nchini Misri, limo kaburi ambalo halina shimo la kuzikia. Kuta zake zimejaa michoro ya rangi, lakini mwenyewe aliyeagiza kazi hiyo amekwanguliwa kwa patasi mahali pengi alipochorwa.

Huyo ni Rekhmire, waziri mkuu wa Misri ya kusini katika karne ya 15 Kabla ya Kristo, enzi za Farao Thutmose wa Tatu na mwanawe, Amenhotep wa Pili. Mengi yajulikanayo kumhusu yametokana na kaburi hilo, ambalo wataalamu wameliorodhesha kuwa nambari 100.

Rekhmire alizaliwa katika ukoo uliozoea madaraka. Babu yake, Ahmose Amethu, alikuwa waziri mkuu, na ami yake, User, akakirithi cheo hicho. Mkewe Rekhmire aliitwa Meryt.

Maandishi ya ukutani yanasimulia siku alipokabidhiwa wadhifa. Farao alimwonya kwamba uwaziri ni mchungu, wala si mtamu. Alimtaka amhukumu amjuaye sawasawa na asiyemjua, na asimfukuze mlalamishi kabla ya kumsikiliza. Akampa mfano wa waziri wa kale, Khety, ambaye aliwanyima haki jamaa zake mwenyewe kwa kuhofia kusemwa kuwa anapendelea. Hilo nalo lilihesabiwa kuwa limevuka mpaka wa haki.

Tangu hapo Rekhmire aliamua kesi, akapokea kodi za miji na kusimamia karakana za hekalu la Amun huko Karnak. Wageni pia walipita mbele yake. Watu wa Punti walileta ubani. Wanubi walileta twiga, na tumbili akiparamia shingo yake. Wasiria walikuja na farasi, dubu na ndovu mdogo. Watu wa kisiwa cha Krete walibeba vyombo vya thamani. Wachoraji walizifuta shuka za Wakrete hao na kuzichora upya kwa mtindo mwingine.

Nyuma ya ukumbi wa mbele kuna njia ndefu ambayo dari yake hupanda kutoka mita 3 hivi hadi mita 8. Humo wamechorwa maseremala, wafua dhahabu, washona ngozi na mateka wanaofinyanga matofali. Katika karamu, mtumishi wa kike amechorwa akiwa amegeuza mgongo, jambo adimu katika sanaa iliyozoea kuwaonyesha watu kwa upande.

Rangi nyekundu na ya manjano zilitokana na udongo, na nyeusi na masizi. Buluu ilipatikana kwa kuchoma mchanga, chokaa na shaba pamoja.

Thutmose alipofariki, yapata mwaka wa 1425 Kabla ya Kristo, Rekhmire alisafiri kwa mashua kwenda kumlaki mfalme mpya. Safari hiyo imechorwa kaburini. Baada yake, habari zake zinakatika. Cheo kikamwendea Amenemopet, mtu wa ukoo mwingine, na mahali alipozikwa Rekhmire hapajulikani hadi leo.

Wataalamu wengi hudhani alikosana na Amenhotep. Kwa Wamisri wa kale, kufuta sura ya marehemu kulikuwa kumnyima uhai wa ahera. Waliotumwa na patasi hawakuwa wakiharibu pambo tu. Walikuwa wakimwondoa mtu duniani na mbinguni.

Karne nyingi baadaye wanakijiji waliishi humo, na moshi wa meko yao ukazitia kuta weusi. Mwingereza Norman de Garis Davies alitumia miaka mingi kunakili michoro hiyo. Alifariki mwaka wa 1941, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1943.

Maonyo ya Farao kuhusu haki yamesalia ukutani, na nakala kamili kuliko zote ya majukumu ya waziri mkuu ni ya kaburi hilo. Wafinyanga matofali wasiotajwa majina wangali kazini. Pale alipokuwa ameketi bwana wao, mara nyingi limebaki jiwe tupu.